Afya ya Familia: Presha ya Macho, Tusingoje Dalili

Sifa zote njema zinamstahikia Allah (S.W.), aliyetuneemesha kwa neema zisizohesabika, na kuona ni miongoni mwazo. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), pamoja na ahali zake na sahaba zake.



Wiki hii ukurasa wetu wa afya unazungumzia macho. Katika majumba yetu ya Pwani, tangu Lamu hadi Vanga, malalamiko ya macho husikika karibu kila siku, na aghalabu hujibiwa kwa maneno mepesi. Mama akisema anaona vidoa vyeusi vikielea mbele yake, huambiwa amechoka, akalale. Nyanya akisema taa anaiona imezungukwa na duara lenye rangi, huambiwa ni uzee. Baba akijigonga mlangoni mara mbili kwa juma moja, huchekwa. Wapo pia wa upande wa pili: aliyesikia kwamba jirani yake amepofuka kwa presha ya macho, naye akiona kidoa kimoja tu hukosa usingizi usiku kucha.

Wote hao wanahitaji elimu moja. Dalili nyingi zinazotushtua hazitokani na presha ya macho. Na presha ya macho yenyewe, ile aina iliyoenea zaidi kwetu, huanza na kuendelea kwa miaka bila ya maumivu, bila ya wekundu na bila ya dalili yoyote aijuayo mgonjwa. Anayengoja aone dalili ndipo aende kupimwa, mara nyingi hufika wakati sehemu ya nuru yake imekwisha kupotea, na iliyopotea kwa maradhi haya hairudi.

Presha ya macho ni maradhi gani?

Sehemu ya mbele ya jicho ina majimaji safi ambayo hutengenezwa humo humo ndani usiku na mchana. Hayo siyo machozi. Kazi yake ni kulisha jicho na kulipa umbo lake, kisha hutoka kupitia vijifereji vidogo vilivyopo pembeni, pale ambapo kioo cha mbele cha jicho hukutana na ile sehemu yenye rangi inayoizunguka mboni. Vijifereji hivyo vikizibika, au njia ya kuviendea ikibana, majimaji huzidi na shinikizo la ndani ya jicho hupanda.

Shinikizo hilo huishia kuumiza mshipa wa fahamu ulio nyuma ya jicho, ambao ndio unaopeleka ubongoni kila tunachokiona. Mshipa huo una nyuzi takribani milioni moja. Uzi mmoja ukifa haumei mwingine mahali pake. Hapo ndipo ulipo uzito wa maradhi haya, yanayoitwa na madaktari glakoma.

Kwa kawaida shinikizo la jicho huwa baina ya milimita 10 na 21 za zebaki. Lakini wapo watu ambao mshipa wao huharibika hata kipimo kikiwa ndani ya mpaka huo, na wapo ambao kipimo chao huvuka mpaka na mshipa ukabaki salama. Kwa sababu hiyo, daktari wa macho hatosheki na kipimo cha shinikizo peke yake. Humulika ndani ya jicho autazame mshipa wenyewe, na ikibidi humpima mgonjwa upana wa uoni wake.

Hapa yafaa tuondoe kosa moja lililoenea sana. Presha ya macho na presha ya damu ni mambo mawili mbalimbali. Mtu aweza kuwa na presha ya damu iliyo sawa kabisa na huku macho yake yanaharibika. Wala vidonge vya presha ya damu anavyovimeza kila asubuhi visimfanye adhani kwamba macho nayo yamekwisha kutibiwa.

Kwa nini mgonjwa hajijui?

Nuru ya jicho huanza kupotea pembeni. Katikati, pale tunapotumia kusomea na kutambua nyuso za watu, hubaki pazuri mpaka mwisho. Isitoshe, macho yetu ni mawili. Sehemu isiyoonekana kwa jicho moja huonekana kwa la pili, na ubongo nao huunganisha picha hata pengo lisitambulikane.

Chukulia mfano wa mama wa miaka hamsini na mitano. Kila baada ya swala ya alfajiri husoma Mus-haf wake bila ya tabu. Hutia uzi kwenye sindano mwenyewe akashona kofia. Ukimwambia macho yake ni mabovu, atakutolea ushahidi wa hayo mawili, naye atakuwa mkweli. Lakini mama huyo huyo humkanyaga mtoto aliyekaa ubavuni pake, humwaga chai kwa kuwa hakukiona kikombe kilichokuwa kando, hushtuliwa na bodaboda iliyotokea upande wa kushoto, na giza likiingia hushika ukuta katika vichochoro alivyovizoea tangu utotoni. Watu wa nyumbani humwona kuwa amekuwa mzembe au amezeeka kabla ya wakati. Hayo mambo madogo madogo ndiyo mara nyingi huwa dalili za kwanza kuonekana na wengine, nazo zikifika hapo maradhi yamekwisha kwenda mbali.

Dalili zinazotushtua, na maana zake

Tuzitazame sasa zile dalili zinazotajwa sana, ili kila mmoja ajue lipi ni la haraka na lipi si la kutia hofu.

Vidoa vinavyoelea. Hivi huonekana kama mbu au nyuzi zinazopita ukitazama mbingu au ukuta mweupe. Ndani ya jicho mna ute mzito, na umri ukisonga ute huo hujikunja na kutupa vivuli. Kwa wengi ni jambo la kawaida wala halihusiani na presha ya macho. Lakini vidoa vikija kwa wingi na kwa ghafla, tena pamoja na miali kama ya umeme, au kikatokea kivuli kama pazia linalofunika upande mmoja, basi huenda ukuta wa ndani wa jicho umechanika au unabanduka. Hapo ni kwenda hospitali siku ile ile.

Mistari inayometameta. Wengine, na wanawake ni wengi zaidi katika hao, huona mwanga uliokatikakatika kama meno ya msumeno, ukapanuka kidogo kidogo kwa muda wa kiasi cha nusu saa, kisha ukafuatwa na maumivu ya kichwa. Mara nyingi hicho ni kipandauso. Humsumbua mtu, na chafaa kutibiwa, lakini si presha ya macho. Akipatwa mara ya kwanza, na hasa akiwa mtu mzima, amwone daktari ahakikishiwe.

Ukungu unaokuja na kuondoka. Leo anaona vizuri, kesho herufi hazisomeki, wiki ijayo amepata nafuu. Hili humpata sana mwenye sukari ambayo haijatulia. Apimwe sukari kabla ya kununua miwani mipya, na macho nayo yapimwe, kwani sukari huharibu macho kwa njia zake yenyewe.

Duara la rangi kwenye taa. Hii yahitaji uangalifu. Duara kama upinde wa mvua kuizunguka taa laweza kuletwa na mtoto wa jicho au hata na miwani yenye uchafu. Lakini likija jioni au gizani, pamoja na uzito au maumivu juu ya nyusi na ukungu wa macho, kisha yote yakaondoka baada ya kulala, huenda pembe ya jicho ni nyembamba na njia ya majimaji inabana na kufunguka. Mtu wa namna hii aende kupimwa upesi, maana leza aweza kufunguliwa njia ndogo kabla ya shambulio kubwa kumfikia.

Shambulio lenyewe halifichiki. Jicho huuma kwa ghafla na kwa ukali, huwa jekundu, uoni hufifia, kichwa huuma upande huo, na mgonjwa hutapika. Kwa kuwa kuna kutapika na kichwa, watu hudhani ni malaria au tumbo au kipandauso. Wengine humfungia mgonjwa chumbani wakaanza kumsomea. Kumsomea mgonjwa ni jambo jema, nasi hatulikatazi. Lakini asomewe akiwa njiani kuelekea hospitali, kwani aina hii yaweza kulipofusha jicho kwa muda wa saa au siku chache tu. Wanawake waliovuka miaka arobaini hupatwa nayo kuliko wanaume, na watu wenye asili ya Asia wamo katika hatari zaidi. Kukaa gizani, na baadhi ya dawa za mafua na za mzio, huweza kuichochea kwa mwenye pembe nyembamba.

Mtoto wa jicho si presha ya macho

Kuna mazoea yanayotupotezea nuru za wazee wetu. Mzee akianza kutoona vizuri, husemwa ana mtoto wa jicho, na kwamba lazima aachwe apevuke ndipo afanyiwe upasuaji. Basi mzee hukaa nyumbani mwaka, miaka miwili, akingoja.

Mtoto wa jicho ni lenzi iliyoingia ukungu. Hutolewa, huwekwa lenzi nyingine, na mtu akaona tena hata kama alichelewa. Presha ya macho haina marejeo hayo. Ikiwa kilichomo katika jicho la mzee ni presha, au ni yote mawili kwa pamoja, basi kila mwezi wa kungoja ni nyuzi zinazokufa. Tena mtoto wa jicho mwenyewe akiachwa akapevuka mno aweza kuvimba na kuipandisha presha kwa ghafla. Siku hizi upasuaji hauhitaji kungoja apevuke. Kwa hivyo tusijihukumie nyumbani ni maradhi gani; kazi hiyo ni ya daktari na vyombo vyake.

Nani aanze kupimwa?

Wataalamu walikadiria kwamba mwaka 2020 watu wapatao milioni 76 duniani walikuwa na presha ya macho, na kwamba ifikapo mwaka 2040 watakuwa kiasi cha milioni 112. Miongoni mwa maradhi yanayopofusha upofu usiorekebishika, haya ndiyo yanayoongoza. Uchunguzi uliofanywa katika mji wa Baltimore, Marekani, na kuchapishwa mwaka 1991, ulionyesha kwamba watu weusi wa huko walikuwa na aina ile isiyo na dalili mara nne hadi tano kuliko weupe. Sisi wenye asili ya Afrika hatuna budi kulizingatia hilo.

Apimwe kila aliyetimiza miaka arobaini, hata kama anajiona mzima. Apimwe mapema zaidi mwenye mzazi au ndugu wa tumbo moja aliye na maradhi haya, kwani hatari yake huongezeka mara kadhaa. Wamo pia wasioona mbali, wenye sukari, waliowahi kupigwa jichoni kwa mpira au ngumi, na waliotumia dawa za steroidi kwa muda mrefu. Ukiambiwa una presha ya macho, usiifanye siri. Waite kaka na dada zako, uwaambie waende. Ukinyamaza kwa kuona haya, huenda ukawaacha wapofuke kwa jambo lililokuwa likizuilika.

Kupima hakuumizi. Akitiwa dawa ya kupanua mboni, mtu huona ukungu kwa saa chache na mwanga humkera, basi yafaa aende na mtu wa kumrudisha nyumbani. Wala asidhani kwamba kununua miwani ya kusomea barazani ni kupima macho. Miwani hiyo husaidia herufi kuonekana, lakini haitazami mshipa ulio nyuma.

Watoto wetu na matone ya dukani

Akina mama, jambo hili ni lenu hasa. Watoto wengi wa Pwani huwashwa na macho kwa mzio. Hujisugua mchana kutwa na macho yakageuka rangi ya udongo. Mama huenda duka la dawa, hupewa kichupa cha matone, na kabla ya siku mbili mtoto ametulia. Kuwasha kukirudi, kichupa kingine hununuliwa, na hali ikaendelea hivyo miezi na miaka, bila ya daktari.

Baadhi ya matone hayo yana steroidi: deksamethasoni, betamethasoni au prednisoloni. Ni dawa nzuri mikononi mwa daktari, kwa muda aliouweka yeye. Zikitumiwa kwa muda mrefu bila ya kuangaliwa, huweza kuipandisha presha ya jicho kimyakimya, na mtoto wa shule akapoteza nuru yake huku mama akishukuru kwamba macho yametulia. Kabla ya kulipa, muulize muuzaji: je, dawa hii ina steroidi? Akisema ndiyo, nawe hukuandikiwa na daktari, iache. Vivyo hivyo tusitie machoni maziwa, maji ya majani, wala kichupa cha mwenzetu kilichobaki.

Na wapo watoto wachanga wanaozaliwa na maradhi haya. Mtoto huyo huwa na macho makubwa kuliko kawaida, hutokwa na machozi, huukimbia mwanga kwa kuficha uso, na kioo cha mbele cha jicho hufanya ukungu wa rangi ya maziwa au buluu. Jamaa humsifu, mashaallah, macho yake mazuri yalivyo makubwa. Au huogopa kijicho wakamfichaficha. Mtoto mwenye dalili hizo apelekwe upesi, kwani tiba yake ni upasuaji na hufaa zaidi ukifanywa mapema. Aina hii huonekana zaidi panapooana jamaa wa karibu. Nchini Saudi Arabia imekadiriwa kumpata mtoto mmoja katika kila 2,500 wanaozaliwa, ilhali katika nchi za Magharibi ni mmoja katika kila 10,000. Dini yetu imehalalisha ndoa za binamu, wala hatusemi vinginevyo. Tunachosema ni kwamba nyumba ambayo tayari imezaa mtoto mwenye maradhi haya, itafute ushauri wa daktari na imchunguze kila mtoto mchanga anayefuata.

Matibabu

Tiba ya macho ni katika urithi wetu wa elimu. Ali ibn Isa, tabibu wa macho wa Baghdad, aliandika kitabu cha tiba ya macho kilichosomwa kwa karne nyingi, na Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefariki takriban mwaka 1040, alieleza namna mwanga unavyoingia jichoni. Mtume wetu (S.A.W.) ametuhimiza kujitibu. Basi anayekwenda kwa daktari hajapunguza tawakkul yake.

Njia za kutibu ni tatu: matone, leza na upasuaji, nazo zote zina lengo moja la kulishusha shinikizo. Matone hutumiwa kila siku, na kwa wengi ni ya maisha. Leza nayo hulenga vijifereji vipitishe maji vizuri zaidi. Katika hospitali ya KCMC mjini Moshi, jirani zetu wa Tanzania, utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulilinganisha leza na matone ya timololi. Baada ya mwaka mmoja, tiba ilifaulu katika asilimia 61 ya macho yaliyofanyiwa leza, na asilimia 31 ya yale ya matone. Ikiwa bei ya matone yakushinda, usiache tiba kimya kimya. Mwambie daktari, umuulize kuhusu leza au upasuaji.

Lazima tulieleze wazi jambo hili, kwa kuwa ndilo linalowafanya wengi waache dawa. Tiba haitakuonyesha zaidi ya unavyoona leo. Inailinda nuru iliyobaki. Mgonjwa hutia matone miezi mitatu, haoni tofauti, akasema dawa haifai. Kumbe kutokuona tofauti ndiko kufaulu kwenyewe.

Namna ya kutia dawa nayo ina adabu zake. Nawa mikono, vuta kope la chini, tia tone moja, kisha fumba jicho na ubonyeze kwa kidole pembe ya ndani karibu na pua kwa dakika moja au mbili. Hivyo dawa hubaki zaidi jichoni, na inayoshuka kooni au kuingia damuni hupungua. Kama una dawa mbili, ziachanishe kwa dakika tano. Mwenye pumu amwambie daktari mapema, kwani timololi yaweza kumbana kifua.

Saumu na swala

Wapo wanaoacha matone mwezi mzima wa Ramadhani kwa kuchelea saumu zao. Wanafanya hivyo kwa nia njema, lakini siku thelathini bila ya dawa ni nyingi kwa mshipa uliokwisha kuumia. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, yanayofuatwa na wengi wetu Pwani, jicho halihesabiwi kuwa tundu lililo wazi linalofika ndani, na kutia dawa au wanja machoni hakubatilishi saumu. Baraza la kimataifa la fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha kumi kilichofanyika Jeddah mwaka 1997, nalo liliyahesabu matone ya macho kuwa hayafunguzi, maadamu mtu hamezi kinachofika kooni.

Ambaye moyo wake bado una wasiwasi, kwetu mambo ni mepesi. Tuko karibu na ikweta, na mfungo wetu ni wa saa kumi na tatu na kitu mwaka wowote. Dawa ya mara moja kwa siku aitie usiku. Ya mara mbili aitie wakati wa daku na baada ya futari. Ya mara tatu amuulize daktari wake, na kuhusu hukumu amuulize shekhe wake. Wakati wa kufungua, mgonjwa asinywe maji mengi kwa mkupuo mmoja, kwani hilo hulipandisha shinikizo; anywe kidogo kidogo.

Kuhusu sijda, shinikizo hupanda kichwa kinapoinama, likashuka kinapoinuka. Mwenye maradhi yaliyokwenda mbali, au aliyetoka kufanyiwa upasuaji, amuulize daktari kama ainame au asiiname, na kama maji yaguse jicho au yasiguse. Akikatazwa, sheria imempa ruhusa ya kuashiria kwa kichwa, na ya tayammam kwa namna atakayoelekezwa na wanavyuoni.

Wajibu wetu nyumbani

Upofu ukiingia katika nyumba, mzigo wake huwaangukia wengi. Binti huacha shule amshike mkono nyanya yake. Mama aliyekuwa akiuza mahamri na mbaazi hukosa kuuona moto wake. Na katika kupima, mara nyingi mwanamke huwa wa mwisho. Hana nauli, hana wa kumsindikiza, au huona haya kuomba pesa kwa ajili ya maradhi yasiyouma. Tunawaambia akina baba na vijana wa kiume: msingoje kuombwa. Mpelekeni mama, mpelekeni mke, nanyi mpimwe siku hiyo hiyo. Kila mwaka, mwezi wa Machi, kuna wiki ya dunia ya presha ya macho, na baadhi ya hospitali na zahanati huitumia kuwapima watu. Misikiti na madrasa zetu zaweza kuitangaza wiki hiyo na kuwakusanya wazee.

Na ambaye nuru yake imekwisha kuondoka, hajapungukiwa na heshima mbele ya Mola wake. Abdullah bin Ummi Maktum (R.A.), sahaba asiyeona, alikuwa akimwadhinia Mtume (S.A.W.), na mwenye kusubiri juu ya mtihani wa kupoteza macho ameahidiwa Pepo. Lakini subira huja baada ya mja kufanya sababu. Aliye na nuru leo ana amana mkononi, na kuitunza amana ni ibada.

Tunamwomba Allah (S.W.) atuhifadhie kusikia kwetu na kuona kwetu, awaponye wagonjwa wetu, na awape subira waliopewa mtihani. Amin. Tukutane wiki ijayo, inshaallah.